Kutia, Kupaka, Upako: Historia ya Neno la Kikristo katika Kiswahili

1. Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya dini yanayosikika sana leo katika Kiswahili cha Wakristo wa Afrika ya Mashariki, neno upako lina mahali pa mbele. Husemwa kwamba mhubiri fulani ana upako, kwamba wimbo fulani una upako, kwamba upako umeshuka, umezidi au umepungua. Walio ndani ya makanisa yanayosema hivyo huyaelewa mazungumzo haya bila ya kufafanuliwa. Hata hivyo, mtu akiuliza neno lenyewe limetoka wapi, jibu alipatalo kwa kawaida ni fupi: limetoka katika Biblia. Jibu hilo lina ukweli wa nusu. Kitenzi kilicholizaa neno hili kimo katika Biblia ya Kiswahili. Jina lenyewe, lakini, halimo katika mistari mikuu ambayo mafundisho ya upako huegemea, kama mistari hiyo ilivyofasiriwa katika Biblia ya mwaka 1952, na hiyo ndiyo Biblia iliyowalea wengi wa wasemaji hao.

Makala haya yanakusudia kuifuata historia ya namna Kiswahili kilivyolitaja jambo hili la kutiwa mafuta ya kiroho. Hoja yangu ni kwamba historia ya maana yake imehifadhiwa katika sarufi. Lugha ilianza na kitenzi chenye mtendaji, mtendewa na kusudi. Baadaye ikapata jina ambalo laweza kumilikiwa, kupimwa na kugawiwa. Badiliko hilo lina uzito, kwa kuwa swali la nani ametiwa mafuta ni swali la nani ana haki ya kunena na nani ana wajibu wa kunyamaza.

Si nia yangu kuamua mambo ya imani. Kazi hiyo nawaachia wanatheolojia. Kazi ya mwanafunzi wa lugha ni kuonyesha maneno yamefanya nini, na yamefanywa nini, katika vinywa vya watu.

2. Mafuta katika lugha za asili

Kiebrania cha Agano la Kale kina vitenzi viwili vinavyotuhusu. Kitenzi suk hutumika kwa mafuta ya kila siku: Ruthu anaambiwa ajipake kabla ya kwenda kwa Boazi, na Daudi anajipaka baada ya kuoga, kilio cha mtoto wake kilipokwisha. Kitenzi mashah, kwa upande wake, hutumika zaidi kwa tendo la kumweka mtu au chombo kwa kazi ya Mungu. Kutokana nacho limetoka jina mashiah, yaani aliyetiwa mafuta, ambalo ndilo asili ya Masihi na Masiya yetu.

Mafuta ya kuwekea wakfu yalikuwa na kanuni yake. Sura ya 30 ya kitabu cha Kutoka yatoa vipimo: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, pamoja na mafuta ya zeituni hini moja. Sheria hiyo hiyo inakataza kuyamimina mafuta hayo katika mwili wa mtu wa kawaida, na inakataza kuyaiga. Mchanganyiko huo haukuwa mali ya kuhani wala ya mfalme. Ulikuwa alama ya kwamba mwenye mafuta ni Mungu, na kwamba mtu aliyepakwa amekabidhiwa kazi.

Kwamba jambo kuu lilikuwa ni kazi, twaliona katika Isaya 45, ambapo cheo cha masihi anapewa Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyeutwaa mji wa Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo. Mtu huyu hakuwa Mwisraeli, wala maandiko hayasemi kwamba pembe ya mafuta ilimiminwa kichwani pake. Ameitwa hivyo kwa sababu kazi ya kuwarudisha watu uhamishoni ilikuwa mikononi mwake.

Kigiriki cha Agano Jipya nacho kina vitenzi viwili. Aleifo chatumika mara 9, na kila mara twaona mafuta au marhamu yaonekanayo kwa macho: mtu afungaye saumu anayepaka kichwa, wanafunzi wanaowapaka wagonjwa, wanawake wanaokwenda kaburini, wazee wa kanisa wanaoitwa na mgonjwa katika waraka wa Yakobo. Khrio chatumika mara 5 tu, na mara zote mtendaji ni Mungu. Nne kati ya hizo zamhusu Kristo mwenyewe. Ya tano, katika 2 Wakorintho 1:21, yawahusu Paulo na wenzake. Tofauti hii isichukuliwe kuwa ni sheria ya Kigiriki chote, kwa kuwa tafsiri ya kale ya Agano la Kale, ile ya Sabini, hutumia aleifo hata kwa makuhani mahali pachache. Katika Agano Jipya, hata hivyo, mpaka ni wazi.

Jina khrisma, ambalo ndilo lililo karibu zaidi na upako wetu, laonekana mara 3 tu, zote katika sura ya pili ya waraka wa kwanza wa Yohana, mistari ya 20 na 27. Inafaa tuangalie mahali hapo limewekwa kwa nani. Mwandishi anapambana na walimu waliojitenga na jamaa ya waumini, na anawaambia wasomaji wake kwamba wao wote wamepata mafuta hayo, na kwa sababu hiyo hawahitaji mwalimu wa namna ile. Katika mahali pekee ambapo Agano Jipya lina jina la jambo hili, jina hilo ni la watu wote, nalo limewekwa kama kinga dhidi ya mtu ajidaiye kujua kuliko wenzake.

Karne za kwanza za kanisa zilishika maana hiyo ya ujumla. Theofilo wa Antiokia, katika karne ya pili, aliandika kwamba Wakristo huitwa hivyo kwa sababu wamepakwa mafuta ya Mungu. Tertuliano wa Karthago aeleza jinsi aliyebatizwa alivyopakwa mafuta mara atokapo majini. Mwaka 416 Papa Inosenti wa Kwanza, akijibu maswali ya askofu Decentius wa Gubbio, alieleza kwamba mafuta ya wagonjwa, yakiisha kubarikiwa na askofu, yaweza kutumiwa na Wakristo wote kwa mahitaji yao na ya watu wao. Karne nyingi baadaye, mwaka 1551, Mtaguso wa Trento uliweka wazi kwamba mhudumu wa sakramenti hiyo ni padre. Miaka hiyo hiyo Uingereza ilifuata njia nyingine: Kitabu cha Sala cha mwaka 1549 kilibakiza kumpaka mafuta mgonjwa atakaye, kile cha mwaka 1552 kiliondoa desturi hiyo. Mambo haya ya Ulaya yana uhusiano wa moja kwa moja na Kiswahili, kwa sababu waliokuja pwani kuifasiri Biblia walitoka katika pande hizo mbili, upande wenye mafuta na upande usio nayo.

3. Wafasiri na vitenzi viwili

Kabla ya kufika kwao, kitenzi kupaka kilikuwa na maisha yake pwani. Watu walijipaka mafuta mwilini na kupaka chokaa ukutani. Katika dini pia kilikuwa na mahali: Mwislamu atawadhapo hupaka maji kichwani, na tendo hilo kwa Kiarabu laitwa mas'h, neno lenye shina moja na mashah ya Kiebrania. Jina Masihi nalo lilikuwa limekwisha kuingia pwani kwa njia ya Uislamu, kwa kuwa Kurani humwita Isa mwana wa Mariamu kwa jina hilo. Kwa hiyo wafasiri wa Kikristo hawakulikuta shamba tupu. Walikuta neno Masihi limekwisha kukaa, ingawa msemaji wa kawaida hakuyasikia mafuta ndani yake, kama vile hayasikii ndani ya neno Mkristo.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo. Yeye na mwenzake Johannes Rebmann, aliyemfuata mwaka 1846, walikuwa Walutheri kutoka Württemberg waliotumwa na chama cha kimisionari cha Kianglikana. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuwa askofu mwaka 1874, alikuwa wa chama kingine cha Kianglikana, chenye kuzipenda zaidi desturi za kale. Juhudi za Unguja zilizaa Agano Jipya la mwaka 1879 na Biblia nzima ya mwaka 1891; za Mombasa zikazaa Biblia ya Kimvita ya mwaka 1914. Baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kamati ya lugha ya nchi zote nne kuundwa mwaka 1930, palihitajika tafsiri moja. Tafsiri hiyo ya muungano ilitoka mwaka 1950 kwa Agano Jipya, na mwaka 1952 kwa Biblia nzima.

Tukiisoma tafsiri hii ya 1952 kwa makini, twaona jambo ambalo, nijuavyo mimi, halitajwi sana katika madarasa yetu. Kila mahali ambapo Kigiriki kina aleifo, Kiswahili kina kupaka: kwa wagonjwa wa Marko 6, kwa mgonjwa wa Yakobo 5, kwa miguu ya Yesu nyumbani kwa Farisayo, kwa mwili wake kaburini. Na katika mistari mitano yote ambapo Kigiriki kina khrio, Kiswahili kina kutia mafuta. Mpaka ule wa Kigiriki umehifadhiwa kwa uaminifu kamili.

Uteuzi huo wafaa kabisa kwa Kiswahili. Kupaka ni kazi ya juu juu ya kitu: rangi hupakwa, matope hupakwa, wanja hupakwa. Kutia ni kuingiza: hutiwa chumvi ndani ya mchuzi, mtu hutiwa moyo, hutiwa hofu, hutiwa nguvu. Aliyepakwa mafuta yang'aa mwili wake. Aliyetiwa mafuta, kwa namna Kiswahili kinavyosema, amebadilishwa ndani. Kwa hiyo kutia kwafaa kwa tendo la Mungu, ambalo halionekani kwa macho, na kupaka kwafaa kwa tendo la mkono wa mtu.

Mahali pamoja tu mpaka huu umevukwa, napo ni pale pale penye jina khrisma, katika waraka wa Yohana. Kiswahili hakikuwa na jina tayari la kulijibu hilo la Kigiriki. Katika mstari wa 20 wafasiri waligeuza jina kuwa kitenzi, wakasema waumini wamepakwa, wakamtaja aliyewapaka. Katika mstari wa 27 walitumia jina mafuta, ambayo yanasemwa kukaa ndani ya watu na kuwafundisha. Msomaji wa mara ya kwanza huenda akastaajabu kuyaona mafuta yakifundisha. Huo ndio ufa ambao jina jipya lilikuja kuuziba baadaye. Na kwa kuwa kitenzi kilichokuwa hapo kilikuwa kupaka, jina lililozaliwa lilitoka katika kupaka, si katika kutia.

4. Mpako na kipaimara

Wafasiri wengi wa Kiprotestanti waliitumia lugha ya mafuta bila ya kuwa na mafuta yenyewe katika ibada zao. Kwa Wakatoliki hali ilikuwa kinyume. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi Unguja katika miaka ya 1860 na Bagamoyo mwaka 1868, wakiwa na mafuta matatu yaliyobarikiwa na askofu: ya wakatekumeni, ya wagonjwa, na krisma. Mafuta hayo yalihitaji majina katika kinywa cha katekista, mbele ya watu, kabla ya kuhitaji majina katika kitabu.

Maneno mawili ya upande huu yanastahili kuangaliwa. La kwanza ni kipaimara, jina la sakramenti ambayo mbatizwa hupakwa krisma katika paji la uso. Neno hili limeundwa kwa kitenzi kupa na neno imara: kitu kimpacho mtu uimara. Halina mafuta ndani yake hata kidogo. Limetaja tokeo badala ya tendo. Hata hivyo waliolibuni hawakwenda mbali na Maandiko, kwa kuwa mstari ule wa 2 Wakorintho 1:21 waunganisha mambo hayo mawili, kufanywa imara na kutiwa mafuta.

La pili ni mpako. Wakatoliki walisema mpako wa mwisho, na baadaye mpako wa wagonjwa. Badiliko hilo lina tarehe zake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulisema kwamba jina la mpako wa wagonjwa lafaa zaidi, kwa kuwa sakramenti hii si ya wale tu walio katika kukata roho. Na Papa Paulo wa Sita aliweka utaratibu mpya mwaka 1972. Katika vijiji vingi kuingia kwa padre na mafuta kulikuwa kumekuwa tangazo la msiba, na familia zilichelewa kumwita kwa hofu hiyo. Kubadili neno mwisho kuwa wagonjwa kulikuwa na maana ya kuwarudishia walio hai tendo ambalo desturi ilikuwa imewapa wanaokufa.

Tuangalie sasa umbo la jina hili. Mpako ni wa ngeli ya M- na MI-. Majina mengi yenye m- mwanzoni na -o mwishoni, yaliyotoka katika vitenzi, hutaja tendo lenye mwanzo na mwisho: mchezo, mkutano, mfungo, mwendo. Yaweza kuhesabiwa: mkutano mmoja, mikutano miwili. Hali kadhalika mpako ni tukio: lina siku yake, mahali pake, mhudumu wake na mgonjwa wake. Ukiisha, umekwisha, ingawa neema yake yaaminiwa kudumu. Hakuna asemaye kwamba padre ana mpako mwingi.

5. Kuja kwa upako

Mkondo wa tatu ulikuja kwa njia ya makanisa ya Kipentekoste. Uamsho wa mtaa wa Azusa, Los Angeles, ulianza mwaka 1906, na katika miongo miwili iliyofuata habari na watu wake walikuwa wamefika magharibi ya Kenya, hasa Nyang'ori, ambapo Misheni ya Kipentekoste ya Wakanada ilijikita mwaka 1924. Karibu na hapo, Kaimosi, watu waliolelewa katika misheni ya Marafiki walipatwa na uamsho wa Roho mwaka 1927, na miongoni mwao likatoka kanisa lao wenyewe la Roho Mtakatifu. Lugha za uamsho huo zilikuwa hasa lugha za nyumbani za watu hao. Kiswahili kilikuja kuwa chombo chake kikuu baadaye, mikutano ilipohamia mijini.

Ni vyema kukumbuka kwamba si kila uamsho ulitumia lugha ya mafuta. Uamsho wa Afrika ya Mashariki, uliotoka Uganda na Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuingia Kenya na Tanganyika, ulikuwa na msamiati wa namna nyingine: damu, msalaba, nuru, toba, kuokoka. Ndugu wa uamsho ule waliulizana kama wanatembea nuruni, nao walitubu mbele ya wenzao, mkubwa na mdogo pamoja. Katika lugha hiyo wote husimama sawa, kwa kuwa wote ni wenye dhambi waliooshwa.

Mikutano mikubwa ya hadhara, kama ule wa T. L. Osborn uliofanyika Mombasa mwaka 1957, ilileta hali mpya ya kilugha: mhubiri wa kigeni akinena Kiingereza, na mkalimani kando yake akigeuza sentensi kwa sentensi. Kwa maoni yangu, jukwaa hilo la ukalimani lilikuwa mojawapo ya mahali palipoliandalia njia jina upako. Kiingereza cha wahubiri hao hulitaja jambo hili kwa jina, si kwa kitenzi, na hulitumia kama kitu kishukacho na kikaacho. Mkalimani hana nafasi ya kuunda upya sentensi ili amtaje mtendaji na kusudi. Kutiwa mafuta kwa Roho Mtakatifu ni maneno marefu; upako ni silabi tatu. Neno fupi lilifaa jukwaani, na katika miongo ya mwisho ya karne ya ishirini, mikutano, kanda za mahubiri na nyimbo za kwaya vilipoenea, neno hilo lilikwenda navyo.

Sarufi haikuwa na pingamizi. Upako umeundwa kama upendo, ufufuo na uamsho, majina yaliyokwisha kupata heshima kanisani. Lakini majina haya ya u- hukaribia kutaja hali au sifa kuliko tukio. Sisemi kwamba hiyo ni kanuni isiyovunjika, kwa maana ufunguo na ufagio ni vyombo. Nasema tu kwamba msemaji alipochagua kati ya m- na u-, alichagua pia namna ya kuliwaza jambo. Mpako hufanyika, upako hukaa. Mpako hupokewa na aliye dhaifu. Upako huwa na mwenyewe, naye kwa kawaida ni mwenye nguvu.

Linganisha sentensi hizi. Mtu asemapo, Mungu amemtia mafuta ili awahudumie maskini, sarufi yenyewe imetaja mambo matatu: aliyetia, aliyetiwa, na kwa nini. Asemapo, mtumishi huyu ana upako mkubwa, la kwanza na la tatu yametoweka. Limebaki la pili, pamoja na kipimo. Na kitu kikiisha kuwa na kipimo, chaweza kulinganishwa: huyu anacho kuliko yule. Kikiisha kulinganishwa, chaweza kutafutwa kwa mwenye nacho, hata kwa bei. Siyo kwamba neno limewalazimisha watu kwenda huko. Ila limeufungua mlango ambao kitenzi kilikuwa kimeufunga.

Haki yadai tuseme pia wema wa neno hili. Limewapa watu wasio na daraja wala cheti namna ya kusema kwamba wao nao wameitwa. Mwanamke ambaye kanisa lake la kwanza halikumruhusu kupanda mimbarani, na kijana asiyesoma chuo cha theolojia, wameweza kusimama kwa neno upako, kwa kuwa halikuulizwa lilitoka kwa askofu gani. Katika jambo hili neno jipya limekuwa karibu na waraka wa Yohana kuliko taratibu nyingi za kanisa. Msiba ni kwamba neno hilo hilo lililowafungulia wanyonge mlango limetumiwa pia kuwajengea wachache ukuta.

6. Nani asiguswe?

Mifano miwili yatosha kuonyesha ukuta huo unavyojengwa kwa maneno. Wa kwanza ni wa Isaya 10:27, mstari unaotumiwa sana kufundisha kwamba upako huvunja nira. Tafsiri ya 1952 yasema kwamba nira itaharibiwa kwa sababu ya kutiwa mafuta, nayo yafanana katika hilo na tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611. Lakini neno la Kiebrania lililopo hapo ni shemen, yaani mafuta au unono, si mashah. Na wataalamu wengi huliona andiko lenyewe kuwa gumu. Baadhi yao huelewa kwamba picha ni ya ng'ombe aliyenona hata nira ikapasuka shingoni. Mafundisho makubwa juu ya upako yamejengwa hapa juu ya mstari ambao huenda haukusema habari za kumpaka mtu yeyote.

Mfano wa pili ni wa Zaburi ya 105, mstari wa 15, ambapo yapo makatazo ya kuwagusa masihi wa Mungu. Katika mahubiri ya siku hizi makatazo hayo hugeuzwa kuwa onyo: mpakwa mafuta asisemwe, asihojiwe, asidaiwe hesabu. Zaburi yenyewe, tukiisoma kuanzia mstari wa 12, yasema habari za Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa. Walioonywa ni wafalme. Maneno yaliyomkinga mgeni asiye na mtetezi yamegeuzwa kuwa ngao ya mwenye kiti, kipaza sauti na kundi.

Wengine hutaja pia Daudi aliyekataa kumdhuru Sauli, kwa sababu Sauli alikuwa masihi wa Bwana. Ni kweli kwamba hakumuua. Lakini sura hiyo hiyo ya 1 Samweli 24 yaonyesha jinsi Daudi alivyotoka pangoni, akamwita mfalme mbele ya jeshi lake, akamweleza kosa lake waziwazi. Na Daudi mwenyewe, akiisha kuwa mfalme, alikemewa na nabii Nathani. Kutiwa mafuta hakukumwondolea mtu wajibu wa kujibu; kulimwongezea.

Wahenga wa Kiswahili walikwisha kuujua ulaghai wa namna hii, wakautajia mafuta yenyewe. Mtu anayedanganywa kwa maneno matamu husemwa kwamba amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Chupa ipo, mkono upo, na baridi ya chupa yasikika katika ngozi. Kilichokosekana ni mafuta. Msemo huu haukutungwa kwa ajili ya kanisa. Lakini wasema waziwazi kwamba kupaka kwaweza kuigwa, na kwamba aliyepakwa ana haki ya kutazama ngozi yake.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba Kiswahili cha Kikristo kina njia tatu za kulitaja jambo hili, na kila moja ina historia yake. Kutiwa mafuta ni lugha ya wafasiri wa Biblia. Yamtaja Mungu kuwa mtendaji, na mara nyingi yataja kazi iliyokusudiwa. Mpako ni lugha ya sakramenti. Yataja tendo lenye mahali na wakati, kwa faida ya aliyepungukiwa na nguvu. Upako ni lugha ya jukwaa. Yataja uwezo ukaao ndani ya mtu. Hakuna haja ya kuifukuza hata moja. Wasemaji hawawezi kurudishwa nyuma kwa amri ya chuo kikuu, na neno lililokwisha kupendwa na maelfu ya watu lina haki ya kuishi.

Lililo katika uwezo wetu ni kazi mbili. Watunzi wa kamusi hawana budi kulipa kila neno ingizo lake, na kuonyesha kwamba mpako na upako si maumbo mawili ya neno moja yasiyo na tofauti, bali ni maneno mawili yenye matumizi mbali mbali. Na wale wanaowafundisha wakalimani, watangazaji na wafasiri wapya wa Biblia wawakumbushe kwamba jina linapochukua nafasi ya kitenzi, mtendaji na kusudi huachwa nje, na mara nyingi msikilizaji haoni kwamba yameachwa. Akutanapo na neno upako, mwanafunzi wa lugha aweza kuligeuza tena kuwa sentensi kamili, kisha aulize: ametiwa na nani, ili afanye nini, na kwa faida ya nani? Maswali hayo ni ya sarufi kwanza. Muumini akiyachukua akaenda nayo kanisani, sarufi haitakuwa imemkosea.